Taulo za maikrofaiba mnazifua na kuzianika vipi kwenye baridi hili la Mbeya?

Kijana_wa_Uyole:
Wakuu salama? Nina kawoshi kadogo huku Uyole, naosha gari ndogo na hiace basi, malori siyawezi. Shida yangu ni hizi taulo za maikrofaiba. Zikiwa mpya zinakausha boneti nzima hata hujakamua, sasa hivi ukipitisha kwenye kioo inasukuma maji tu kama mfuko wa rambo na inaacha michirizi, halafu kwa baridi hili la mwezi wa saba ukianika asubuhi jioni bado mbichi na kesho yake inanuka uvundo. Vijana wanafulia sabuni ya unga, mwisho wanaweka softena ya kunukia ili mteja akipita asikie raha. Nataka kununua mpya ila zile nene bei zake sio mchezo. Hizi zinaokoka au ndo basi tena? Na kuanika mnafanyaje, maana jua likitoka na vumbi la barabarani nalo limeamka.

Fundi_Mafiati:
Softena mkuu. Iache leo leo.
Hizo nyuzi ni polyesta imechanganywa na nailoni, nyingi utakuta zimeandikwa 80 kwa 20 au 70 kwa 30, na uzi wenyewe umepasuliwa vipande vyembamba kuliko unywele, maji na vumbi vinanasa kwenye hizo nafasi. Softena kazi yake ni kuacha utando kwenye nguo ili iwe laini, sasa ule utando ukishaziba kote taulo itanywea wapi? Sabuni ya unga nayo kwa maji ya baridi ya huku haiyeyuki yote, inabaki humo ndani, nayo inachangia hiyo michirizi.
Zinaokoka lakini. Pasha maji yawe vuguvugu, mkono uingie bila kuruka, weka sabuni ya maji kidogo tu, ile ya kuoshea vyombo inakata mafuta na waksi vizuri, loweka nusu saa hivi, fikicha, suuza mpaka povu liishe kabisa, na hapa ndo vijana wengi wanachoka mapema. Maji ya mwisho mimi naweka siki nyeupe kidogo kwenye ndoo, inasaidia kutoa mabaki ya sabuni. Jik usiguse inakula nyuzi, na usije ukachanganya Jik na siki ndoo moja, ile hewa inayotoka ni sumu.

Dereva_Ipogolo:
Mnamtesa mwenzenu na siki. Mi natumia sabuni ya mche miaka yote, nafua nakamua naanika kwisha kazi.

Fundi_Mafiati:
Kaka sabuni ya mche ni ya mafuta, isiposuuzwa sawasawa inaacha utando wake. Labda zako za kufutia dashibodi. Kausha nayo kioo cha mbele usiku halafu washa taa uone.

MamaVipuri_Njombe:
Mbeya nanyi mnalalamika baridi jamani 😂 njooni Njombe muone.
Mdogo wangu, uvundo hauletwi na baridi peke yake, unaletwa na zile taulo zinazolala mbichi kwenye ndoo mpaka kesho. Zifue siku hiyo hiyo, na kama huna nafasi basi zitandaze, usizirundike. Halafu kukamua ndio kila kitu. Kama una ile mashine ya matenki mawili tumia tenki la kukamulia, zinatoka karibu zimekauka, na maikrofaiba ikikamuliwa vizuri inakauka upesi kuliko ya pamba. Huna mashine, ziviringishe ndani ya taulo kubwa kavu uzikanyage.
Mimi naanika ndani, kamba chumba cha stoo, dirisha wazi, kila moja kivyake isipande juu ya mwenzake. Nje kipindi hiki cha kiangazi ni kuzipaka vumbi upya, na lile vumbi lina mchanga, ukija kufutia rangi nyeusi umeichora gari ya watu. Kwenye michongoma ndo usithubutu, zinabeba majani na miba midogo huitoi leo wala kesho.
Na msiwe mnazisogeza kwenye jiko la mkaa jamani! Ile ni plastiki, joto likizidi ncha za nyuzi zinayeyuka zinakuwa ngumu, halafu harufu ya moshi juu. Pasi pia hapana.

Kijana_wa_Uyole:
Dada umenigusa, jiko la mkaa ndo lilikuwa plani ya kesho 😅 Swali lingine, za rimu na za bodi naweza kuloweka pamoja nikaokoa maji?

Dereva_Ipogolo:
Hapo hata mimi nakataa. Gari imeenda Dar ikarudi, breki zimefanya kazi mteremko wa Kitonga, rimu zinakuja nyeusi tii, lile vumbi la breki lina chuma ndani yake. Ukifua pamoja linahamia kwenye za bodi. Mi za rimu nimezikata kona kabisa ili dogo asichanganye.

Fundi_Mafiati:
Umenena. Nunua rangi tofauti kama zipo, bodi, vioo, rimu, kila moja na ndoo yake. Na usizichanganye na nguo za pamba, ule uchafu wa pamba unanasa kwenye maikrofaiba halafu unauhamishia kwenye kioo. Lebo ya pembeni ikate, ina kingo ngumu. Iliyodondoka chini kwenye changarawe haina rufaa, inashuka daraja inakuwa ya rimu hata kama ni mpya. Ya waksi iloweke peke yake. Zile za koutingi ya seramiki, ile dawa ya kupaka kulinda rangi ya gari, usihangaike nazo, ikishakaukia kwenye nyuzi inakuwa ngumu, tupa.

Kijana_wa_Uyole:
Ndaga fijo wakuu. Nitajuaje kama imeokoka kweli?

MamaVipuri_Njombe:
Mwaga maji kidogo kwenye kioo, ilaze juu bila kukandamiza, ivute taratibu. Ikinywa, sawa. Ikisukuma, rudia kuloweka mara moja tena, ikikataa ifanye ya injini. Ila nayo inategemea ulichonunua, kuna za bei rahisi ni polyesta tupu na nyuzi hazijapasuliwa, hizo hata mpya zinasukuma maji. Ile nzuri ukiipitisha kwenye kiganja kikavu inanasa nasa kwenye ngozi. Dukani omba kuishika kabla hujalipa, muuzaji akikataa hamia duka la pili.