Hokenshi wa Japani na utafiti wa presha vijijini Chamwino: tunachukua nini, tunaacha nini?

Muuguzi_Chamwino (mwanzisha mada)

Ndugu wauguzi na watafiti, habari za kazi. Ninasoma shahada ya uzamili ya uuguzi hapa Dodoma, na pendekezo langu la utafiti linahusu wazee wenye shinikizo la juu la damu katika vijiji viwili vya Wilaya ya Chamwino. Nataka kujua kama kutembelewa nyumbani na muuguzi kunawasaidia kuendelea na dawa bila kuziacha njiani. Katika mapitio ya machapisho nimeegemea sana kazi za wauguzi wa afya ya jamii wa Japani, wanaoitwa hokenshi kwa lugha yao. Msimamizi wangu alinirudishia rasimu ikiwa na swali moja pambizoni: nchi ambayo watu 29 kati ya kila 100 wamefikisha miaka 65, na ambayo wananchi wake wote wamekuwa chini ya mfumo wa bima ya afya tangu mwaka 1961, inamfundisha nini muuguzi wa kijiji ambacho zahanati yake ina watumishi wawili?

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kulijaribu dodoso. Mzee mmoja alinipokea barazani, akajibu kila swali kwa upole, na kila nilipomuuliza kuhusu kuumwa kichwa, kizunguzungu au kukosa usingizi alisema hana neno. Nilipompima, mashine ilisoma 190 kwa 110. Nikampumzisha dakika tano, nikarudia, ikabaki palepale. Mkewe, aliyekuwa akipepeta uwele pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu mavuno mzee analala ameegemea ukuta kwa sababu akijinyoosha pumzi inambana. Siku ileile tulimpeleka zahanati, na anaendelea na matibabu. Lakini dodoso langu lilikuwa limeshamwandika kuwa hana dalili zozote.

Naomba anayeifahamu kazi ya hao wenzetu kwa karibu anieleze walifanyaje hasa, kisha tuone lipi linaweza kuota katika udongo wetu.

Mwalimu_wa_Uuguzi

Dada, hongera kwa kumtazama mkewe pamoja na karatasi. Niliwahi kusoma Japani kwa miezi michache, kwa hiyo nitaeleza ninayoyajua.

Hokenshi ni taaluma yenye leseni yake. Sheria ya mwaka 1948 inayowahusu wauguzi wa afya ya jamii, wakunga na wauguzi ndiyo inayoiongoza hadi leo, na anayetaka leseni hiyo hulazimika kufaulu mtihani wa taifa wa uuguzi na ule wa afya ya jamii. Wengi wao wameajiriwa na halmashauri na vituo vya afya vya serikali. Katika utaratibu wao wa asili, hokenshi hukabidhiwa eneo, naye huwajibika kwa watu wote wa eneo hilo, awe mjamzito, mtoto mchanga, mgonjwa wa kifua kikuu au mzee anayeishi peke yake. Hamngoji mtu augue ndipo amfahamu. Kuna mpango wa kitaifa unaotaka kila nyumba yenye mtoto mchanga itembelewe kabla mtoto hajatimiza miezi minne, na katika vituo vya kuwasaidia wazee vilivyoanzishwa mwaka 2006, hokenshi huketi ofisi moja na ofisa ustawi wa jamii na mratibu wa huduma za matunzo. Nisikufiche kwamba majukumu yalipoongezeka, wengi walijikuta wamegawanywa kwa programu na kufungwa mezani, hata mwongozo wa serikali wa mwaka 2013 ukahimiza warudi kwenye utaratibu wa kushika maeneo.

Kwa utafiti wako, kitazame zaidi kijiji cha Yachiho katika mkoa wa Nagano. Daktari Wakatsuki Toshikazu alifika katika hospitali ya Saku mwaka 1945, wakati wakulima wa huko walikuwa maskini na hospitali waliikimbilia mambo yakiwa yameshaharibika. Yeye na wauguzi wake walikwenda vijijini na kuigiza michezo ya jukwaani kuhusu maradhi, kwa kuwa waliona mhadhara hauwaingii watu. Mwaka 1959 wakaanza kuwapima afya wakazi wa Yachiho, kijiji kizima, mwaka baada ya mwaka. Kila mtu alipewa daftari lake la afya akakaa nalo nyumbani, na kumbukumbu nyingine ikabaki kijijini.

Katika kupima huko waligundua maradhi mengi yaliyojificha, wakayatenga katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maradhi ambayo mtu hajui kuwa anayo. La pili ni yale anayoyajua lakini anayavumilia, nao waliliita kwa neno gaman, ambalo kwa Kiswahili ningesema ni kujikaza. Mzee wako wa barazani yumo katika fungu la pili, na dodoso lako halikuwa na mahali pa kumweka.

Bibi_Nesi

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Nimestaafu baada ya miaka mingi ya uuguzi katika vijiji vya Wilaya hiyohiyo ya Chamwino. Neno hilo la kujikaza limenigusa sana.

Mwanangu, mzee wa Kigogo hamwambii mgeni kwamba anaumwa, tena mgeni mwenye kalamu na umri wa mjukuu wake. Ukifika, toa salamu ya "mbukwa", kisha uulizane naye habari za mvua, mifugo na waliosafiri, na hapo hujaifungua hata karatasi. Siku ya kwanza utapata majibu ya heshima, na ya kweli utayapata siku ya tatu, pengine wakati unaaga. Kwa hiyo ukipanga ziara moja kwa kila kaya, utakuwa umepima adabu za wazee wetu, wala si afya yao.

Tena kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Miaka ya nyuma walikuja watafiti katika kijiji nilichokuwa nahudumia, wakapima uzito wa watoto na damu ya akina mama kwa siku nne. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu watoke, kwa kuwa mimi ndiye waliyeniamini. Wageni waliondoka na majibu yote. Mama mmoja alinifuata zahanati zaidi ya mara tatu akiuliza damu ya mwanawe ilionekanaje, nami sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Alipojifungua tena, alijifungulia nyumbani. Nilipokwenda kumwona aliniambia kwamba sisi huchukua tu. Hilo daftari la Yachiho lililobaki nyumbani kwa mwenye mwili wake, mimi nalielewa kuliko mengine yote yaliyoandikwa hapa.

Jambo la mwisho, usiende kati ya Desemba na Aprili. Watu wako shambani, na utakaowakuta nyumbani ni wale wasiojiweza tu, halafu uandike kwamba kijiji kizima ni wagonjwa.

Afya_Kongwa

Naheshimu yote yaliyosemwa, ila naomba tusiisome Japani nusunusu. Mwanzisha mada, msimamizi wako ana haki ya kuuliza, na nadhani jibu limo katika kijiji cha Sawauchi, mkoani Iwate, zaidi ya Yachiho. Kilikuwa kijiji kinachofunikwa na theluji miezi mingi, chenye umaskini mkubwa na vifo vingi vya watoto wachanga. Mkuu wa kijiji, Fukazawa Masao, alishirikiana na hokenshi waliokuwa wakizunguka majumbani. Mwaka 1960 kijiji kikaanza kuwatibu bure wazee waliofikisha miaka 65, mwaka uliofuata watoto wachanga nao wakaingizwa, na mwaka 1962 hakuna mtoto hata mmoja wa kijiji hicho aliyefariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ziara za nyumbani zilikutana na matibabu yasiyodai fedha mlangoni. Ukiondoa kimojawapo, sioni kama wangefika pale.

Sasa turudi Chamwino. Utakapompima mzee na kumwambia ana 190, dawa atazipata wapi miezi mitatu baadaye, wakati tasnifu yako imeshafungwa jalada? Sheria yetu ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini mzee anahitaji kidonge cha kesho asubuhi. Mimi nasema kabla hujapima mtu wa kwanza, kaa na mganga mfawidhi wa zahanati, mhesabu dawa za presha zilizopo, mkubaliane nani atamfuata mgonjwa ukishaondoka. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na mpango wao jumuishi ulizinduliwa hapa Dodoma mwaka 2024, kwa hiyo wahusishe tangu siku ya kwanza. Nagano kwenyewe, mwaka 1945, akina mama wa kijiji cha Takaho walimwona hokenshi wao akielemewa wakajitolea kumsaidia, na kutokana nao ukazaliwa utaratibu wa wasaidizi wa afya ulioenea mkoa mzima.

Mwalimu_wa_Uuguzi

Kaka wa Kongwa, nakubaliana nawe juu ya dawa, na ningeongeza jikoni. Nagano ilisumbuliwa sana na kiharusi. Chumvi ilikuwa nyingi katika mchuzi wa miso, yaani rojo la soya lililochachushwa kwa chumvi, na katika mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi ili ziwafikishe mwisho wa majira ya baridi. Hokenshi na wasaidizi wao waliingia majikoni wakapima uchumvi wa mchuzi wa kila nyumba, na katika eneo la Saku walihimiza kila kaya iwe na angalau chumba kimoja chenye joto, kwa sababu baridi kali nayo hupandisha presha. Mwaka 2010 mkoa huo uliongoza Japani kwa umri wa kuishi, kwa wanaume na kwa wanawake.

Sisi baridi ya namna hiyo hatuna, wala miso. Lakini mlenda wetu unapikwa kwa magadi, na magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi. Madodoso mengi ninayosahihisha huuliza tu kama mtu anaongeza chumvi mezani. Bibi wa Chamwino atajibu kwa haki kabisa kwamba haongezi, na sufuria yake haijaulizwa.

Muuguzi_Chamwino

Shikamoo Bibi Nesi, na asanteni nyote. Nimekaa na maneno yenu siku tatu kabla ya kujibu.

Nimeamua kubaki na kijiji kimoja badala ya viwili, ili kila kaya niifikie mara tatu. Nitaanza Julai, mazao yakiwa yameshaingia ghalani. Swali la dalili nitaligawa: kwanza mzee mwenyewe, kisha, kwa ridhaa yake, yule anayelala naye nyumba moja, na majibu yakipishana nitayaandika yote mawili, kwa kuwa ule mpishano wenyewe ndio ninaotaka kuuelewa. Kila mzee atabaki na daftari dogo lenye vipimo vyake kwa tarakimu kubwa, na nakala itakaa zahanati. Majibu ya jumla nitayasoma katika mkutano wa kijiji kabla ya kuyawasilisha chuoni, na hilo nimeliingiza katika maombi ya kibali cha maadili ili nisiweze kulikwepa. Kuhusu dawa, nimeomba kuonana na mganga mfawidhi Jumatatu, na tusipoelewana juu ya ufuatiliaji sitaanza kupima.

Lililonishinda ni magadi. Nitayapimaje bila kumfanya mama wa watu aone jiko lake limevamiwa?

Bibi_Nesi

Marahaba mwanangu. Usiende na mizani. Fika anapopika, umsaidie kuchambua mlenda, na atakapotia magadi mwombe akutilie kiasi kilekile kwenye kikaratasi uende ukajipikie. Atakupa kwa furaha, nawe utakipima jioni ukiwa peke yako. Kisha rudi kesho umweleze ulikuwa unatafuta nini na umwombe ruhusa ya kukiandika. Akikataa, usikiandike.