Kigoma: mnatathmini mfumo wa hospitali au mnahesabu kompyuta?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Mimi ni muuguzi huku mwisho wa reli, hospitali siitaji maana ugali wangu uko palepale.

Wamekuja tena watu wa kutathmini mfumo wa kompyuta wa hospitali. Wamekaa kwa bosi, wakanywa chai, wakauliza kompyuta ngapi zinawaka, watumishi wangapi wamepata mafunzo, makusanyo yamepanda kiasi gani. Wakapita OPD, kwa wagonjwa wa nje, na fomu zao za kuweka tiki. Hongereni, mnaendelea vizuri. Wakapanda gari. Wodini hawakukanyaga!

Makusanyo yamepanda kweli, sibishi. Namba ya malipo imeziba mianya tuliyokuwa tunaijua wote, na aliyezoea kula pale dirishani amenuna mpaka leo. Lakini mfumo wa hospitali siyo mashine ya EFD ya kutolea risiti.

Njooni mtandao ukikata usiku. Daktari ameandika kipimo kwenye kompyuta, maabara hawakioni. Mama analetwa na bodaboda anavuja damu, ndugu yake amesimamishwa dirishani anasubiri namba ya malipo isiyotoka. Tunarudi kwenye karatasi, halafu asubuhi mtu aliyekesha anakaa kuingiza yote upya. Na vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za afya, viko palepale, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje kinajazwa kwa kalamu kama zamani. Mgonjwa mmoja anaandikwa mara mbili, na mwisho wa mwezi kitabu kinasema hivi, kompyuta inasema vile. Mnajua tunafanyaje? Tunakaa "kulinganisha". Mnielewe hapo. Namba hizo ndizo zinapanda DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa taifa, kisha watu wanazipangia mipango.

Halafu neno la siri la daktari mmoja linatumiwa na wodi nzima. Kwenye kumbukumbu anaonekana ametibu watu saa ambazo alikuwa kwake amelala. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini kwenye ile fomu ya tiki sikuona swali hata moja la nani anafungua faili la nani.

Na msiniambie vigezo havijulikani. DeLone na McLean, watafiti wa mifumo ya taarifa, walitoa vyao 1992, wakavirekebisha 2003: ubora wa mfumo, ubora wa taarifa zilizomo, ubora wa huduma ya wanaousimamia, matumizi, kuridhika kwa mtumiaji, na faida inayopatikana mwishoni. Wageni wetu waliishia kwenye cha kwanza, tena nusu.

Wenzetu wanahesabu mpaka vifo. Pittsburgh, Marekani, hospitali ya watoto ilianza kuagiza dawa kwa kompyuta, na watafiti wakalinganisha kabla na baada. Kwa watoto waliohamishiwa pale kutoka kwingine, vifo vilitoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Utafiti ulitoka 2005. Sababu mojawapo waliyoitaja: zamani dawa ziliandaliwa mtoto akiwa bado njiani, lakini mfumo ulikataa oda mpaka afike na asajiliwe. Sasa mfikirie yule ndugu dirishani. Seattle walitumia programu hiyohiyo na ongezeko kama hilo halikuonekana, kwa hiyo tatizo halikuwa programu peke yake, bali namna ilivyopangwa na kuingizwa kazini. Hayo utayajuaje ukikaa kwa bosi?

Kama kuna mmoja wa timu hiyo humu ndani, ajibu mawili tu. Mgonjwa wa dharura anakaa muda gani kabla ya kuguswa, mfumo ukiwepo na ukiwa umelala? Na ripoti zenu huwa zinakwenda wapi, mbona sisi tunaoutumia hatujawahi kuletewa hata moja?

Walioko Kasulu, Kibondo na Tabora, kwenu wanauliza nini wakija? Na wanaosema muuguzi anaogopa kompyuta, pitieni mbali na uzi huu.