Forester 2007, mkanda wa taimingi hauna historia: nifungue niangalie au nibadilishe tu?

MwanaLikoni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimenunua Subaru Forester ya 2007, injini ya EJ20 isiyo na tabo (turbo). Dashibodi inasoma km 152,000. Aliyeniuzia anasema mkanda wa taimingi (ule wa mpira ndani ya injini, unaooanisha valvu na pistoni) ulishabadilishwa; lini, hajui, na risiti hana. Fundi wangu amechungulia akasema mkanda ungali mzuri, nisubiri mpaka 200,000. Nafanya kazi Changamwe, kwa hivyo feri asubuhi, feri jioni, na mwezi ujao twaenda Nairobi na watoto. Pesa ninazo, ila si za kuchezea.

DerevaProbox: Uza hiyo, tafuta gari lenye cheni badala ya mkanda ulale usingizi.

FundiKisauni: Probox wewe, hata cheni hulegea mtu akichelewesha oili, utaisikia inakwaruza asubuhi ukiwasha.
MwanaLikoni, funua boneti utafute stika. Wajapani wakibadilisha mkanda hubandika karatasi yenye tarehe na kilomita, mara nyingi karibu na kava ya mkanda. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu yao ya Heisei, ongeza 1988.

MwanaLikoni: Ipo, masha Allah! Imeandikwa 25, na km 98,000. Kwa hivyo ni 2013, na nimetembea 54,000 tu juu yake. Si bado basi?

Caldina_Tudor: Bado. Mie wangu ulikatika pale Kibarani, gari likazima, nikavutwa, nikatiwa mkanda mpya jioni ile ile. Hakikuharibika kitu. Mnaogopeshana bure.

FundiKisauni: Sheikh, Caldina yako ni injini ya 7A, sivyo? Hiyo mkanda ukikatika valvu na pistoni hazigusani. EJ20 hugongana. Valvu zapinda, hedi (sehemu za injini zinazobeba valvu) zashushwa, na Subaru ina hedi mbili. Usimpimie mwenzio kwa injini yako.
Sasa hiyo 54,000. Kwa kilomita uko salama, maana Subaru wenyewe waliuwekea mkanda huu 100,000. Lakini mpira huzeeka kwa miaka pia, na joto la huku walijua. Halafu foleni ya feri: injini yanguruma, ac inafanya kazi, mkanda wazunguka, na kilomita haisogei hata moja. Mwanya wa zaidi ya miaka kumi mie siuvumilii.

MamaPrado: Samahani naingilia. Yangu ni dizeli, na taa ya T-BELT haijawaka. Ndiyo kusema mkanda uko sawa?

FundiKisauni: Hapana mama. Taa ile huhesabu kilomita tu, mkanda wenyewe haiuoni. Aliyebadilisha zamani akisahau kuirudisha sifuri, au akiirudisha bila kubadilisha, itakudanganya.

MwanaLikoni: Na fundi wangu aliyeuona mzuri?

FundiKisauni: Kava za pembeni hufunguka kwa spana ya 10, kuangalia ni kazi ndogo. Ukiona ufa, nyuzi zinachomoza ukingoni, jino limelika au mkanda umelowa oili, usiendeshe tena. Usipoona kitu, bado hujajua kitu. Mikanda ya siku hizi hukatika ikiwa ingali inang'aa. Tena mara nyingi anayeanza kufa ni puli au tenshona (kile kinachoukaza mkanda). Beringi ikikwama, mkanda unakwenda nayo, hata uwe wa juzi.
Nunua seti nzima: mkanda, puli zote, tenshona, pamoja na pampu ya maji kwa sababu inazungushwa na mkanda huo huo. Sili (mipira ya kuzuia oili) za kamshafti, shafti za valvu, na ya mbele ya krankishafti, shafti ya pistoni, zitizamwe papo hapo, zikivuja zibadilishwe.

DerevaProbox: Hapo nakubaliana na fundi. Ila duka la spea ujue unapoingia, maboksi ya bandia ni mengi.

Caldina_Tudor: Haya, kama valvu zapinda, badilisha. Lakini kabla ya safari, si baada.

MwanaLikoni: Nimeelewa. Nanunua seti wiki hii. Kuna la kumwambia fundi akishafunga?

FundiKisauni: Aioanishe mistari ya mkanda na alama za puli, kisha azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi. Ikigoma popote, asilazimishe, arudi kwenye alama. Na mwambie aandike tarehe na kilomita kwenye kava kwa rangi.