Mafuta ya karafuu kwa mwenye huzuni, eti panya wamepona?

mtoto_wa_langoni:
Asalaam aleikum jamani. Khalati yangu alifiwa na mume mwaka jana na tangu hapo hayuko sawa, usiku halali, chakula anaonja anasukuma sahani, barazani hakai tena na yeye ndiye alikuwa haishiwi maneno. Kliniki walimpa amitriptilini, vidonge vya dipresheni, akameza siku tano akaacha, anasema inamkausha mdomo na inamlaza kama gogo. Sasa kuna bwana hapa Lamu Mkunguni anauza mafuta ya karafuu kichupa kidogo, kaniambia wanasayansi wamewapa panya wakapona dipresheni, nami nikapekua kwenye simu nikaona kweli utafiti upo. Swali langu, panya anajulikanaje kama ana huzuni?? na khalati nimpe matone mangapi?

fundi_wa_panya:
Waleikum salaam. Mimi nimewashika hao panya maabara miaka miwili basi nakujibu la kwanza, la matone nawaachia wengine. Hakuna anayejua panya ana huzuni. Kinachofanyika ni hivi, unamtia kwenye mtungi wa kioo wenye maji ya digrii 25 hivi, hafikii chini wala hawezi kutoka, dakika 6. Mwanzo anapiga mbio kutafuta njia, baadaye anatulia anaelea tu, unahesabu sekunde alizotulia zile dakika 4 za mwisho. Jaribio lilianzishwa na Porsolt mwaka 1977. Kuna jingine la kumning'iniza kwa mkia, nalo dakika 6. Aliyepewa dawa akihangaika zaidi kuliko mwenzake aliyepewa maji matupu, ndio wanaandika mafuta "yanafanana na dawa ya dipresheni". Yanafanana, soma hilo neno mara mbili.

Na tatizo, hata kahawa inaweza kumfanya panya asitulie. Ndio maana unamtia pia kwenye boksi wazi uone kama anakimbia tu ovyo, akikimbia ovyo basi mafuta yamemchangamsha, hayajafanya lolote la huzuni. Eugenoli, ndiyo iliyojaa kwenye mafuta ya karafuu, imewahi kupunguza kule kutulia, hilo sibishi. Lakini panya kadungwa sindano moja tumboni na saa moja baadaye yuko majini, wakati binadamu dawa hizi humchukua wiki kadhaa kuona nafuu.

Halafu cha kuchekesha, kundi la kulinganishia mara nyingi hupewa imipramini, nayo dawa ya dipresheni, na imipramini na amitriptilini ni ukoo mmoja. Yaani mafuta yanapimwa kama yanaifikia dawa aliyoitupa khalati.

bi_wa_shela:
Mwanangu, panya hakufiwa na mume. Na karafuu tunaijua, ya pilau, na pamba ya jino, kunywa mafuta yake kwa kijiko sijaona hata kwa wazee wetu. Hayo ya Mkunguni tia tone kwenye glasi ya maji, ya karafuu halisi huzama, likielea ujue umeuziwa mafuta ya kupikia yametiwa harufu. Yale ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, kutoka Pemba ukifungua tu yanakupanda puani. Na huyo khalati eda ilipokwisha nani alikwenda kumtoa nje? Pole zake.

nesi_malindi:
Kaka hesabu ya matone usiifanye kabisa. Watu wanachukua dozi ya panya wanazidisha kwa kilo zao, haiendi hivyo, mwili wa panya unaichoma dawa haraka, dozi yake kwa kilo hugawanywa kwa 12 hivi kwanza, tena hiyo ni hesabu ya wanaoanza majaribio ya usalama kwa watu, si ya jikoni. Mafuta haya yakinywewa mengi yanapiga ini, kuna mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10 akaingia koma na ini likamharibika. Kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu ndio kabisa asiyaguse, eugenoli nayo inazuia damu kugandamana.

Amitriptilini, siku tano hazitoshi kuona nafuu, madhara ndiyo hutangulia. Arudi aseme wazi mdomo unakauka na usingizi umezidi, wanaweza kumshusha dozi, wampandishe polepole, wamwambie anywe jioni, au wambadilishie. Akiwa na ugonjwa wa moyo aseme. Na vidonge vilivyobaki uvitunze wewe, vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua. Ukimsikia anasema bora angekufa yeye usingoje siku ya kliniki, mpeleke usiku huohuo.

mtoto_wa_langoni:
Shukran nyote. Nimetia tone kwenye glasi, nusu limezama nusu limeelea 😅 sijui nimeuziwa nini. Vidonge nimevichukua, kasema Jumatatu twende kliniki ila nikae naye ndani. Nikamhadithia habari ya panya wa mtungini, akawahurumia kwanza, halafu akauliza, na wale wanaopewa dawa yangu, mdomo unawakauka nao?

fundi_wa_panya:
Unawakauka. Dawa za ukoo ule hupunguza mate hata kwa wanyama. Mwambie hakuzua.