Siku tatu Bwera na Mpondwe: tufike lini, tulale wapi, na kuvuka Kasindi kukoje?

Binti_wa_Jinja

Hamjambo wenyeji wa Kasese. Mwezi ujao nitakuja Bwera na mama yangu kwa siku 3, tukitokea Jinja. Mama ana miaka 64, nguvu anazo ila magoti yanamsumbua. Kiswahili na Luganda tunajua, Lukonzo hata neno moja hatuna.

Tunataka kuliona soko la Mpondwe likiwa limechangamka, kupanda kidogo milimani kuona kahawa inavyoandaliwa (na kununua ya kupeleka nyumbani), na mama angependa kuvuka mpaka hadi Kasindi, upande wa Kongo, kwa saa chache anunue vitenge na mawese. Naomba mnieleze siku nzuri ya kufika, njia, malazi na hilo la kuvuka. Vitambulisho vya taifa tunavyo wote wawili, pasipoti ninayo mimi tu.

Nyamugasani

Karibuni sana, dada. Kabla ya kuulizia basi, angalia kalenda. Soko la Lhubiriha pale Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine utakuta maduka, wauza nyanya na malori yanayosubiri forodha, lakini soko lenyewe hulioni. Fikeni Jumatatu, Jumanne soko, Jumatano milimani, Alhamisi alfajiri mrudi. Mkichagua Ijumaa, pigeni simu mapema kuweka chumba, maana usiku wa kuamkia soko wafanyabiashara na madereva hujaza nyumba za wageni. Laleni Bwera mjini, si Mpondwe penyewe. Bwera pametulia, hospitali ya serikali iko hapo hapo, na mpakani ni mwendo mfupi wa boda. Mpondwe malori yananguruma usiku kucha, mama hatalala.

Njia ni mbili. Ya kaskazini hupita Mityana, Mubende, Kyenjojo, Fort Portal, Kasese, kisha Kikorongo unakata kulia. Ya kusini ni Masaka, Mbarara, Ishaka, unavuka daraja la Katunguru kwenye mfereji wa Kazinga, na Kikorongo unakata kushoto bila kufika Kasese. Ya kaskazini ni fupi zaidi. Kutoka Kikorongo hadi mpakani ni kama kilomita 38, mkipita Kinyamaseke na Kisinga. Kwa kuwa mnatoka Jinja, msijaribu kuunganisha siku moja: laleni Kampala, mpande basi la alfajiri.

Mkikata tiketi, msiulize tu "linaenda Kasese?" Ulizeni "linafika Mpondwe au linaishia Kasese mjini?" Likiishia Kasese, mtachukua takisi kwenye paki, kama kilomita 60 hivi, nayo haiondoki mpaka ijae. Mkifika Kasese saa kumi na moja jioni mtakaa humo hadi giza, na kipande hicho cha barabara kinapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako tembo na nyati huvuka barabara jioni na usiku. Lengeni kuondoka Kasese kabla ya saa tisa alasiri.

Jambo linalowakosesha wageni basi la kurudi ni saa. Mashariki ya Kongo iko nyuma yetu kwa saa nzima. Simu ikiwa Mpondwe hunasa mtandao wa Kongo, inajibadilisha saa yenyewe, na wewe unaamka saa kumi na moja ukidhani ni saa kumi. Zima saa ya kujirekebisha na uchague mtandao kwa mkono, usiiachie simu. Usipofanya hivyo, hata salio litaliwa na gharama za mtandao wa nje bila wewe kujua.

Wakala_Mpondwe

Dada, hapo kwenye vitambulisho tusimame kidogo. Kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ni mpango wa Uganda, Kenya na Rwanda. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kuingia kwake hakukufanya kitambulisho chako kiwe pasipoti pale Kasindi. Kwa hiyo mama bila pasipoti asipangiwe kuvuka.

Siku ya soko mtaona mamia wanavuka kwa miguu na mizigo kichwani, na mtashawishika kuwafuata. Hao ni wakazi wa pande mbili na wanajulikana. Mgeni akifuata msafara huo husimamishwa katikati ya daraja. Wengine watawaambia kuna njia za panya mtoni. Msizikubali hata kidogo. Mto Lhubiriha unashuka kutoka Rwenzori: mvua inanyesha juu mlimani, mjini jua linawaka, na maji yanapanda ghafla. Tena kando ya mto kuna doria ya askari, na aliyevuka bila muhuri hana la kujieleza.

Wewe mwenye pasipoti, ukitaka kweli kuvuka, ulizia viza ubalozi wa Kongo Kampala kabla ya kusafiri, si dirishani. Uwe na kadi ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla, na ukishachanjwa kadi hiyo inatumika maisha yako yote. Gonga muhuri wa kutoka upande wa Uganda kwanza. Na ukumbuke saa ya Kasindi: geti likifungwa, linafungwa kwa saa yao.

Lakini ushauri wangu wa wazi ni kwamba msihangaike. Vitenge na mawese vinawafuata nyinyi. Siku ya soko akina mama wa Kongo huvileta upande huu, bei mnapatana kwa shilingi na Kiswahili chao mtakielewa.

Kitenge kikunjue chote. Kipande kizima ni yadi 6, yaani kama mita 5 na nusu. Vingine vimepunguzwa yadi moja na kukunjwa kwa ustadi usigundue. Geuza upande wa nyuma: kitenge kizuri rangi zimepenya, nyuma na mbele karibu sawa. Kisha lowesha kona ya leso nyeupe, sugua. Leso ikitoka na rangi, nguo itachuja.

Mawese huuzwa kwa jerikeni ya lita 20 au kwa chupa. Kosa la kawaida ni kuonja ya juu tu, wakati maji hukaa chini. Chovya kijiti kikavu hadi kitako cha jerikeni, dondoshea mafuta hayo kwenye kijiko, pasha moto. Yakilia na kurukaruka, yana maji, na yataharibika mapema. Kwa safari ya basi usijaze hadi mdomoni, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ndipo ukaze, na jerikeni isimame ndani ya gunia. Nyumbani yakiganda msidhani yameharibika, yawekeni juani.

Fedha za mobail mani toeni Bwera siku moja kabla, maana siku ya soko mawakala huishiwa pesa mapema. Kumbukeni kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi mnachotoa, mbali na ada ya kawaida. Mkibadilisha dola, noti yenye mpasuko hata mdogo kama ukucha hukataliwa.

Shamba_Ihandiro

Mimi nitajibu la kahawa. Huku milimani ni arabika. Kahawa nzuri huchumwa ikiwa nyekundu tu, humwagwa kwenye maji ili zinazoelea ziondolewe, humenywa siku hiyo hiyo, huchachushwa kwa saa 12 hadi 36 kutegemea baridi, huoshwa, kisha hukaushwa kwenye vichanja vilivyoinuliwa. Wakati wa jua kali la mchana na wakati wa mvua hufunikwa. Ile nyingine hukaushwa na ganda lake lote. Nayo si mbaya ikikaushwa vizuri, lakini ikianikwa kwenye udongo mtupu hunyonya harufu ya udongo, na hakuna kukaanga kutakakoiondoa.

Mkitaka kuona kazi hii kwa mpangilio, nendeni Kyarumba kwenye ushirika wa Bukonzo Joint, mpige simu kwanza. Kwa magoti ya mama, chagueni shamba lililo kando ya barabara. Boda kwenye mteremko wenye tope si ya mtu wa miaka 64. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua hupiga mara nyingi alasiri; pandeni asubuhi, saa sita muwe mmeshuka. Bebeni sweta. Bwera kuna joto, lakini huko juu hali ni nyingine kabisa.

Msiingie shambani bila mwenye shamba. Wizi wa kahawa na vanila umewaumiza wakulima, na mgeni anayezungukazunguka kati ya miche hushukiwa kwanza na kuulizwa baadaye. Vanila mbichi msinunue njiani hata ikiwa rahisi kiasi gani. Serikali hutangaza tarehe ya kufungua mavuno, na anayekamatwa na vanila changa ana kesi.

Mkinunua kahawa, chukueni yenye ganda lake la ndani, ile tunayoita pachimenti; hukaa miezi bila kupoteza ladha. Menya punje, iume: iliyokauka vizuri ni ngumu, haiachi alama ya jino. Ikibonyea, bado ina maji na itaota ukungu kwenye mfuko. Hesabu yake: kilo 1 na nusu ya pachimenti itawapa karibu kilo 1 iliyokaangwa, kwa kuwa ganda huondoa kama sehemu moja ya tano na moto huondoa tena asilimia 15 hadi 20.

Binti_wa_Jinja

Asanteni mno. Kasindi tumeifuta, mama mwenyewe amekubali. Swali langu la mwisho: usalama na afya? Ndugu zetu wana wasiwasi.

Nyamugasani

Wasiwasi wao una sababu. Tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliua watu zaidi ya 40 hapa Mpondwe, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Tangu Novemba 2021 jeshi letu liko upande wa Kongo likipambana nao. Kwa hiyo askari mtawaona, na kitambulisho kiwe mfukoni hata mkienda kununua sabuni. Mkishapata chumba, mwenyeji wenu awapeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mjitambulishe. Inachukua dakika 10, na huko juu milimani ndiyo itakayowafungulia njia. Fuatilieni habari wiki ya safari, na usiku msitembee nje ya mji. Msipige picha daraja, askari wala forodha. Na nawaomba sana, msitake kupelekwa kwenye ile shule kupiga picha. Watu bado wana msiba.

Kiafya, Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka hadi Bwera, kwa hiyo mkipimwa joto au kuambiwa mnawe mikono, tiini bila kubishana. Malaria ipo: ulizeni chandarua kabla ya kulipia chumba, na homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi ikapimwe. Mkiwa njiani, hospitali ya Kagando iko Kisinga.

Chakula ulizeni bundu, yaani ugali wa muhogo, kwa sombe (kisamvu) na samaki wa Ziwa Edward. Asubuhi msalimieni mtu "Wabukire," wakiwa wengi "Mwabukire," na shukrani ni "Wasingya."

Wakala_Mpondwe

Naongeza moja: nyama ya porini mkiuziwa kwa siri barabarani karibu na hifadhi, kataeni. Sheria ya wanyamapori ya 2019 ni kali, na anayebeba naye hukamatwa, si muuzaji peke yake.