Naomba ushauri: namna ya kuhifadhi dizeli ya trekta nyumbani, Kahe

Mkulima wa Kahe

Wakuu, nawasalimu. Tunalo trekta aina ya Massey Ferguson 375 linalolima shamba la familia hapa Kahe pamoja na mashamba ya majirani wanaokodi kwa ekari. Kulipeleka trekta kituoni kila linapohitaji mafuta ni kuchoma dizeli na kula matairi bure kwenye lami, kwa hiyo hadi sasa dereva hutumwa kwa pikipiki na madumu mawili ya lita 20. Masika yakikaribia utaratibu huo hautoshi, kwa sababu udongo wetu ni mzito na ekari moja ya kukatua hutumia takriban lita 8. Siku tukipata ekari sita, madumu yote mawili huisha kabla ya kazi.

Nakusudia kuweka nyumbani akiba ya lita 200 hadi 400. Nimependekezewa mapipa ya chuma, tanki la plastiki la maji la lita 500, au tanki dogo la chuma la kuchomelea kwa fundi wa mjini Moshi. Naomba kujua lipi linafaa, likae wapi, na namna ya kujaza trekta bila kumwaga wala kufyonza mpira kwa mdomo. Vilevile, fundi alipofungua chujio hivi karibuni alikuta maji, na hakuweza kunieleza yalikotoka.

Fundi Ngaramtoni

Ndugu yangu wa Kahe, nianze na hayo maji, maana ukiyaelewa, maswali mengine yote yatajijibu. Dizeli ikikaa kwenye chombo kisichojaa, nafasi iliyobaki juu hujaa hewa. Mchana hewa hiyo hupanuka na kutoka; usiku hupoa, husinyaa na kuvuta hewa mpya yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka kuwa matone kwenye kuta za ndani na kuteremka chini, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Huku kwetu chini ya Meru, ambako usiku ni baridi, jambo hili ni la kawaida. Huko Kahe joto ni kali mchana, lakini tofauti ya mchana na usiku inatosha kufanya kazi ileile. Ndiyo sababu tangi la trekta lijazwe jioni baada ya kazi, na si asubuhi. Likilala limejaa, hubaki nafasi ndogo tu ya hewa, na uchafu uliotikiswa mchana hupata usiku mzima wa kutulia.

Chanzo cha pili ni mvua. Pipa lililosimamishwa nje hukusanya maji juu ya mfuniko, kuzunguka vizibo, na likipoa huyavuta ndani hata kama kizibo kimekazwa. Pipa la nje lilazwe au liinamishwe kidogo ili maji yasituame kwenye vizibo, na lililo bora ni lile lililo chini ya paa.

Maji yakishaingia hayakai bure. Hutia kutu, na mahali yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyofanya ute mweusi unaoziba chujio. Yakipita chujio yakafika kwenye pampu ya dizeli na nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, hapo unazungumzia gharama ambayo ingenunua mapipa kadhaa mapya, kwa kuwa sehemu hizo hulainishwa na dizeli yenyewe, na maji hayalainishi.

Kuhusu chombo: pipa la chuma la lita 200 linatosha kabisa. Tanki la maji la plastiki silipendekezi, kwa sababu halikutengenezwa kwa ajili ya mafuta na viungo vyake vya bomba huanza kuvuja. Ukichagua tanki la kuchomelea, mwambie fundi asitumie bati la zinki, kwani zinki huathiriana na dizeli na mabaki yake huenda kuziba nozeli. Bomba za shaba nazo ziepukwe, maana huharakisha dizeli kuharibika.

Babu wa Usa River

Nakubaliana na fundi, ila naongeza la moto. Dizeli haiwaki kwa urahisi kama petroli, na watu wengi hujisahau kwa sababu hiyo. Wengi wetu hutumia pipa moja leo kwa petroli ya pikipiki, kesho kwa dizeli, na mabaki machache ya petroli hubadilisha kabisa tabia ya mvuke ulio ndani ya pipa hilo. Vyombo vya mafuta haya mawili vitenganishwe na viandikwe kwa rangi.

Pipa lisikae ndani ya nyumba ya kulala, wala jikoni, wala kwenye banda la nyasi kavu za ng'ombe. Jenga kibanda chenye paa na kuta zilizo wazi, angalau hatua kumi na tano kutoka nyumbani na mbali na kisima au mfereji, kisha sakafu iwe ya zege yenye ukingo unaoweza kuzuia lita zote zikimwagika. Huko Kahe watu wanategemea mifereji, na dizeli ikiingia kwenye mfereji hutakuwa na jirani tena. Weka ndoo za mchanga na mtungi wa kuzimia moto wa unga. Maji usiyamwage juu ya dizeli inayowaka, kwa sababu mafuta yataelea juu yake na kuusambaza moto. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandike ukutani.

Kabla ya kuweka hizo lita 400, pita ofisi ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, Kanda ya Kaskazini hapa Arusha au uwaulize zimamoto wa Moshi wanataka nini kwa kiasi hicho.

Mama Shamba Himo

Shikamoo Babu. Kaka wa Kahe, wamekueleza maji na moto, mimi nakueleza wizi, ambao kwangu ndio unaopunguza dizeli kuliko vyote. Pipa liwe na kufuli kwenye kizibo, na ufunguo usikae kwa dereva. Tengeneza kijiti cha kupimia: mimina lita 20 baada ya lita 20 kwenye pipa tupu ukichora alama kila mara, na kijiti hicho usikitumie kwenye pipa jingine. Kisha uwe na daftari lenye tarehe, lita zilizotoka, saa zilizosomwa kwenye mita ya trekta, na ekari zilizolimwa. Baada ya wiki chache utajua wastani wako, na siku ekari ikila lita 12 badala ya 8 utauliza swali kwa adabu. Mara nyingine jibu ni la haki, kama vile jembe butu au udongo ulioshikana, kwa hiyo usianze kwa kumtuhumu mtu.

Kuhusu kununua nyingi: EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na wapo wanaojaza mapipa siku moja kabla wakibashiri kupanda. Mimi sioni faida yake. Nunua ya kazi ya mwezi mmoja, basi.

Mkulima wa Kahe

Shikamoo Babu, na asanteni sana wote. Nimeamua mapipa mawili ya chuma. Yamebaki maswali mawili. Je, pipa lililotumika linafaa, au lazima liwe jipya? Na je, niliinue juu ya stendi ili dizeli ishuke yenyewe, au nitumie pampu ya mkono?

Fundi Ngaramtoni

Lililotumika linafaa ikiwa lilikuwa na mafuta ya kulainishia au dizeli na ndani hakuna kutu. Lililokuwa na dawa za shamba usiliguse. Pipa la zamani usilikate wala kulichomelea hata kama umelisuuza, maana mvuke uliobaki ndani umekwisha kuua mafundi. Suuza kwa lita chache za dizeli safi, mwaga mabaki kwenye chombo cha taka, usiyarudishe.

Pipa lililojaa lina uzito unaokaribia kilo 190, kwa hiyo wazo la kulipandisha stendi likiwa limejaa liondoe kabisa. Ukitaka stendi, funga pipa tupu juu yake likiwa limelala, upande wa bomba la kutolea ukiwa juu kidogo kuliko upande wa nyuma ili maji na takataka zikimbilie nyuma, kisha lijaze kwa pampu. Kwa mapipa mawili, hata hivyo, ningechagua pampu ya mkono ya kuzungusha na pipa lililosimama chini ya kibanda. Kata bomba la kufyonzea liishie sentimeta nane au kumi juu ya sakafu ya pipa; ile dizeli ya chini ni ya kuogeshea vyuma, si ya kutia kwenye trekta. Pipa likishashushwa kwenye gari, liache litulie siku nzima kabla ya kuchota.

Mwishoni mwa mpira weka chujio laini linaloweza kuoshwa. Kabla ya kufungua tangi la trekta futa vumbi kuzunguka mfuniko, kwa sababu vumbi la Kahe huingia kwenye tangi hapo hapo, si kwenye pipa. Zima injini, iache ipoe, na usijaze mpaka ukingoni kabisa, kwani dizeli hupanuka ikipata joto.

Babu wa Usa River

Marahaba wanangu. Kuhusu kufyonza kwa mdomo, ambalo aliliuliza mwanzoni na hatukumjibu: akitokea mtu amemeza, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa ili atapike, kwa sababu hatari kubwa ni dizeli kuingia mapafuni wakati inaporudi. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema yuko sawa, kwa kuwa kikohozi na kubanwa kifua huweza kuanza baada ya saa kadhaa.

Mkulima wa Kahe

Nimeelewa, Babu. Pampu ya kuzungusha naifuata Moshi kesho, na fundi wa zege anakuja Jumamosi. Fundi, kama sentimeta kumi za chini hazichotwi, nizitoe mara ngapi?

Fundi Ngaramtoni

Kila pipa linapokaribia kuisha, kabla ya kulijaza tena. Liinamishe, toa ya chini kwenye chupa angavu na uiache isimame dakika chache: ukiona mstari, chini yake ni maji. Ikija safi mara mbili mfululizo, unaweza kuruka mara moja, lakini katika masika usiruke.