Incredibles 2 na mwanga unaomweka: onyo mlangoni linatosha, au studio ikate?

Mchambuzi wa Filamu (mwanzisha mada)

Wakuu, hili tulijadili kwa utulivu maana linagusa afya ya watoto.

Studio ya Pixar, iliyo chini ya Disney, walitoa filamu ya katuni Incredibles 2 nchini Marekani tarehe 15 Juni 2018, miaka 14 baada ya ile ya kwanza. Wazazi waliowapeleka watoto walitoka na maoni ya kila aina. Wapo waliofurahia kuona safari hii mama ndiye anaenda kupambana na baba anabaki nyumbani na mtoto mchanga, hesabu za shule na usingizi wa mang'amung'amu. Wapo waliolalamikia maneno makali mawili matatu yaliyopenyezwa humo. Wengine waliona dakika 118 ni nyingi kwa mtoto wa miaka minne. Hayo yote yana majibu rahisi. Lisilo na jibu rahisi ni mwanga.

Adui wa filamu hii, Screenslaver, anawapumbaza watu kupitia skrini. Ili tuuone uwezo wake, kioo kizima kinamweka nyeupe na nyeusi kwa kasi, pamoja na mistari inayozunguka. Kibaya zaidi ni pale Elastigirl, yule mama, anapopambana kwenye maficho ya adui huyo: kuta zinamweka, hakuna pembe ya picha iliyotulia ambayo jicho litapumzikia, na linaendelea muda mrefu. Watazamaji wenye kifafa kinachochochewa na mwanga walipiga kelele, na wikiendi hiyohiyo ya kwanza Disney wakaziomba sinema zibandike tangazo la tahadhari.

Uingereza ilitoka tarehe 13 Julai, na huko walipelekewa toleo lililohaririwa hadi likapita kipimo cha Harding, kile kinachotumika kupima mwanga wa vipindi vya televisheni. Kwa hiyo filamu moja, njia mbili: Marekani karatasi mlangoni, Uingereza mkasi.

Msimamo wangu: mkasi ndio uwe utaratibu kwa filamu yoyote inayouzwa kwa watoto. Karatasi iwe nyongeza. Nyie mnaonaje?

Shabiki wa Katuni

Mkuu, nakupinga kwa heshima. Kati ya watu 100 wenye kifafa, wanaochochewa na mwanga ni kama 3. Hao ni sehemu ndogo ya sehemu ndogo. Ni haki kubadilisha kazi ya mamia ya wasanii kwa ajili yao, wakati tangazo lililo wazi linamwezesha mzazi kuamua mwenyewe? Pakiti ya biskuti huandikwa kuwa ina karanga. Hatuwaambii viwanda viache karanga. Tena filamu hii ilipewa PG, maana yake mzazi atangulie kuijua kabla ya kumpeleka mtoto.

Na ule mwanga haukuwekwa kama pambo. Hadithi yenyewe inahusu watu waliotekwa na skrini. Ukiufifisha, adui anabaki hana meno.

Muuguzi wa Watoto

Ndugu Shabiki, hiyo asilimia 3 ni sahihi, ila imejumuisha watu wa rika zote. Kwa watoto na vijana hali iko juu zaidi, na mara nyingi huanza kujitokeza kati ya miaka 7 na 19. Huo ndio umri wa wanaojaza ukumbi wa filamu hii.

Mfano wako wa karanga unakwama hapa: mzazi wa mtoto mwenye mzio wa karanga kwa kawaida anajua. Kifafa cha mwanga mara nyingi hujulikana siku ya degedege la kwanza. Kabla ya hapo mtoto ni mzima, anasoma, anacheza, hana faili hospitalini. Mzazi atalisoma tangazo la mlangoni, atasema "wangu hana kifafa", ataingia.

Hili lilishaonekana Japani. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kama mara 12 kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali. Si wote waliopata degedege. Wengine walikuwa na kichefuchefu, kizunguzungu au maumivu ya kichwa. Lakini kati ya waliopata degedege, wengi hawakuwa na historia yake. Hao ungewapa onyo gani likawasaidia?

Kipimo kipo: EEG, ambapo mtoto huwekwa waya kichwani na kumulikwa taa inayomweka kwa kasi mbalimbali huku mawimbi ya ubongo yakirekodiwa. Lakini kwa Afrika Mashariki mashine hizo ziko hospitali kubwa, na hakuna anayempeleka mtoto mzima kupimwa eti wanaenda sinema Jumamosi.

Mhariri Picha

Naomba niingie kwenye ufundi, maana neno "kukata" linawatisha watu bure.

Kipimo cha Harding ni programu inayosoma video fremu kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Inatafuta mmweko, yaani mwanga kupanda na kushuka (au kushuka na kupanda) kwa kandela 20 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga) au zaidi kwa mita ya mraba, huku sehemu yenye giza ikiwa chini ya kandela 160. Ikiwa mimweko hiyo inazidi 3 kwa sekunde, na imechukua zaidi ya robo ya skrini, video inafeli. Nyekundu iliyokolea inahesabiwa kivyake kwa sababu inachochea ubongo zaidi. Mistari mingi iliyopangana ya giza na mwanga nayo hukaguliwa, kwa hiyo yale mazunguko ya Screenslaver yana hatari mara mbili.

Sasa tazameni hesabu. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Ukiweka fremu moja nyeupe, moja nyeusi, unapata mimweko 12 kwa sekunde. Mbili kwa mbili, unapata 6. Tatu kwa tatu, 4. Ukifika nne nyeupe na nne nyeusi, ni mimweko 3, ndani ya kikomo. Eneo la hatari kwa jumla ni kati ya mimweko 3 na 30 kwa sekunde, na pabaya zaidi ni kuanzia kama 15 hadi 25.

Kwa hiyo mhariri ana njia nyingi kabla ya kugusa hadithi. Anaweza kupunguza kasi. Anaweza kuacha kasi ileile akashusha weupe na kuinua weusi, mpaka tofauti ibaki chini ya kandela 20. Jicho bado litaona kumwekamweka, ubongo hautapigwa kwa nguvu ileile. Anaweza kuubana mmweko kwenye sehemu ya picha isiyofika robo, labda dirisha moja au kofia ya adui, na kwingine kukatulia. Nyekundu anaipunguza ukali. Fremu mbili zinazopishana anaweza kuzichanganya. Kazi hii mara nyingi hufanyika kwenye chumba cha kusawazisha rangi bila kuchora upya hata fremu moja.

Panapokwama ni pale inapofanywa mwishoni. Ukishusha mwanga wa sehemu moja, fremu za kabla na baada zinaonekana kama za filamu nyingine, na sauti iliyopigwa kufuata mmweko inachelewa au kuwahi. Ndiyo maana ni nafuu kupima mapema, wakati mchoro bado ni wa majaribio.

Shabiki, toleo la Uingereza lilitoka wiki nne tu baada ya lile la Marekani. Hadithi ilikuwa ileile, adui yuleyule, mwisho uleule.

Fundi Projekta

Mhariri kaeleza vizuri, ila niongeze jambo ambalo linapotoshwa sana. Watu hudhani ukumbi wa sinema una mwanga mkali kuliko nyumbani. Kiwango cha projekta ya sinema ni takriban kandela 48 kwa mita ya mraba. Televisheni za siku hizi hupita 300 bila shida. Kwa ukali wa mwanga peke yake, sebuleni ni pabaya zaidi.

Ukumbini tatizo ni ukubwa na giza. Kioo kinajaza macho yote, na hakuna taa nyingine ya kupunguza tofauti. Kwa hiyo kiti kina maana. Viti vya mbele, ambavyo watoto huvikimbilia, ndivyo vya hatari kuliko vyote. Ukikaa safu za nyuma, kioo kinachukua sehemu ndogo ya macho na mchocheo unapungua.

Mama wa Mombasa

Shukrani kwa maelezo. Wazazi wenzangu, wakati studio zinabishana, mambo haya yafanyeni.

Nyumbani, washeni taa ya chumba. Mtoto akae mita mbili na nusu au tatu kutoka kwa televisheni, na mwanga wa televisheni mushushe; ile hali ya "vivid" inayowekwa dukani ili ivutie wateja, ibadilisheni. Mwenye iPhone au Apple TV, tangu 2023 kuna kipengele kwenye mipangilio ya ufikivu cha kufifisha mwanga unaomweka. Usiku wa manane mtoto akiwa amechoka na hajalala vya kutosha si wakati wa filamu kama hii, kwa sababu uchovu na kukosa usingizi huongeza uwezekano wa degedege.

Mkiwa ukumbini na mwanga ukianza, mtoto asifumbe macho tu. Mwanga unapita kwenye kope na unaingia ukiwa mwekundu. Afunike jicho moja kwa kiganja chote, kisha ageuze uso pembeni. Jicho moja likifunikwa kabisa, sehemu ya ubongo inayopigwa kwa wakati mmoja inapungua. Mfundisheni kabla ya kutoka nyumbani, kama mchezo.

Na jueni wasiougua kifafa pia huumia: wenye kipandauso, wenye kizunguzungu, na baadhi ya watoto wenye usonji. Mtoto akisema "mama kichwa" katikati ya pambano, mtoeni. Msimwambie avumilie kwa kuwa tiketi imelipiwa.

Shabiki wa Katuni

Nimewasoma. Hesabu ya fremu imenigusa, sikatai. Lakini bado nauliza: PG ilikuwepo. Kwa nini hamsemi kwamba mzazi ana wajibu?

Mchambuzi wa Filamu

Ana wajibu kwa lile aliloambiwa, kaka. Maelezo ya PG ya Marekani kwa filamu hii yalitaja mapambano na lugha nyepesi ya muda mfupi. Mwanga haumo. Mzazi aliyesoma kila herufi bado asingejua.

Halafu fikiria filamu inavyosafiri. Karatasi ya mlangoni inabaki mlangoni. Filamu ikishahamia kwenye flashi, ikauzwa Kariakoo au River Road, ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video watoto wakiwa wamebanana mbele ya televisheni chumba kikiwa giza, onyo halipo tena. Mwanga upo wote. Mwanga uliofifishwa studio unafifia popote faili litakapokwenda, na hili ndilo hasa linalonifanya ning'ang'anie mkasi. Watoto wa huku kwetu ndio wa mwisho kuliona tangazo lolote.

Muuguzi wa Watoto

Kwa kuwa vibanda vimetajwa, niseme la huduma ya kwanza, maana huko ndiko makosa yanakofanyika.

Mtoto akidondoka na kutikisika: simamisha filamu, washa taa zote. Ondoa viti na vitu vigumu karibu yake, weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa. Angalia saa. Usimkandamize kuzuia mtikisiko. Usiweke kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi, lakini unaweza kumvunja meno au kumziba hewa. Usimnyweshe maji. Mtikisiko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, au ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali.

Na tafadhali, mapovu yale hayaambukizi. Bado kuna watu wanamkimbia mtoto kwa hofu ya kuyagusa, wengine wanasema ni pepo. Wakati wanakimbia, mtoto amelala chali na mate yanarudi kooni.

Shabiki wa Katuni

Basi msimamo wangu mpya niuweke wazi. Filamu yenye alama ya PG au ya watu wote, ipite kipimo kabla ya kutoka, nchi zote, si Uingereza peke yake. Filamu ya watu wazima, onyo linatosha, msanii aachwe. Hapo sitasogea.

Mhariri Picha

Kwa watu wazima nami sina ugomvi, ila onyo lenyewe liwe na maana. "Filamu hii ina mwanga unaomweka" haimsaidii mtu. Andika dakika ya ngapi, kwa muda gani, na kama ni kioo kizima au sehemu. Mtu akijua mwanga unaanza dakika fulani na unachukua sekunde kadhaa, anatoka nje, anarudi, anamalizia filamu yake. Ripoti ya kipimo tayari inatoa namba hizo fremu kwa fremu. Studio inazo. Ni kuzinakili tu kwenye bango na kwenye ukurasa wa kununulia tiketi.

Fundi Projekta

Na wahudumu wa ukumbi waambiwe mapema. Anayekagua tiketi mlangoni asipojua swichi ya taa za ukumbi iko wapi na nani ana ruhusa ya kusimamisha projekta, hizo dakika 5 za Muuguzi zinakwisha watu wakitafutana kwenye korido.